Umekula. Na wa nyumbani je?

Jumapili ya leo sikupeleki mbali. Nakualika sebuleni kwangu, hapa Magomeni, nikuonyeshe samaki mmoja.

Usianze kutafuta kikaango. Huyu ni samaki wa mapambo. Urefu wake ni kama kidole, rangi yake ya manjano kama ndizi mbivu, na anaishi kwenye tangi la kioo lililo kando ya televisheni. Asili ya jamii yake ni Ziwa Nyasa, na wafugaji wa samaki wa mapambo duniani kote humwita mbuna, jina lililotoka kwa wenyeji wa ziwa hilohilo. Kama hujawahi kufuga, huenda unajiuliza mtu mzima anapata nini kwa kukaa anatazama samaki asiyeliwa. Mimi nimepata somo ambalo mahubiri mengi niliyoyasikia hayakunifikisha.

Ayubu aliwahi kuwaambia rafiki zake waliojiona wanajua kila kitu kwamba wakitaka kufundishwa wawaulize wanyama na ndege, na kwamba hata samaki wa baharini wana jambo la kuwaeleza (Ayubu 12:7-8). Basi leo tumuulize samaki.

Kufuga samaki hawa katika jiji letu si kazi ngumu sana, kwa sababu joto la Dar es Salaam linawafaa bila kununua kifaa cha kupasha maji. Kinachohitajika ni subira. Maji ya bomba hayamwagwi moja kwa moja kwenye tangi, maana yana dawa ya klorini. Unayaacha kwenye ndoo wazi siku moja au mbili kwanza. Tangi jipya nalo haliwekwi samaki wengi siku ya kwanza. Linahitaji wiki kadhaa ili vijidudu vinavyosafisha uchafu wa samaki vipate kujijenga kwenye mchanga na mawe. Halafu kila wiki unatoa sehemu ndogo ya maji na kuweka mengine. Chakula unatoa kidogo, kiasi wanachomaliza kwa dakika chache, kwa sababu kinachobaki kinaoza na kuwaua. Umeme ukikatika na pampu ya hewa ikanyamaza, unakaa macho.

Nilipoanza nilidhani kazi imeishia hapo. Sikujua kwamba watazaana.

Jioni moja nilimwona jike mmoja amejitenga nyuma ya jiwe. Sehemu ya chini ya kidevu chake ilikuwa imetuna kama mtu aliyejaza chakula mdomoni. Nilipotupia chakula, wenzake walikimbilia juu wakigombania. Yeye aligeuka, akatazama, akabaki palepale. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu nikaamini anaumwa, nikamuuliza mzee mmoja wa mtaani ambaye amefuga samaki kwa miaka mingi. Akacheka. Akaniambia, "Huyo haumwi. Ana watoto mdomoni. Usimguse."

Msomaji wangu, ndivyo Mungu alivyowaumba samaki hawa. Jike akishataga, huyaokota mayai yake na kuyahifadhi mdomoni. Yanaanguliwa humohumo, na vitoto hukaa humohumo mpaka vimalize kiini cha yai walichozaliwa nacho na viweze kuogelea vyenyewe. Kazi hiyo huchukua wiki tatu hivi. Muda wote huo mama hali, au anakula kidogo sana, kwa sababu mdomo wa kulia ndio huohuo uliobeba watoto. Utamwona anakonda. Tumbo linaingia ndani, kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili. Chakula kinampita mbele ya macho, naye anakiacha kipite.

Katika Ziwa Tanganyika, ambako samaki wa mapambo huvuliwa na kupelekwa mpaka Ulaya, Marekani na Japani, kuna jamii nyingine ambayo wataalamu wameiona ikifanya jambo la kustaajabisha zaidi. Mama huokota chakula huku watoto wakiwa mdomoni, na chakula hicho huliwa na watoto mlemle ndani. Mdomo ni wake, kazi ya kutafuta ni yake, tonge ni la watoto.

Sasa nikusimulie kilichonipata mimi.

Mwanangu wa darasa la pili alikuwa amesimama mbele ya tangi asubuhi, kabla ya kwenda shule. Akaniuliza, "Baba, mbona yule hali? Anaumwa?"

Nikamjibu kama mtaalamu, "Haumwi. Amebeba watoto mdomoni. Akila, atawameza."

Akanyamaza kidogo, akaendelea kumtazama. Kisha akasema, bila hasira wala ujanja wowote, "Mama naye jana hakula."

Nilitaka kucheka, lakini kicheko kilikataa. Nikageuka kumtazama mke wangu, naye akajifanya anatafuta soksi za mtoto.

Kabla hujanihukumu, ngoja nikueleze jana yake ilivyokuwa. Asubuhi niliacha shilingi 5,000 mezani, hela ya matumizi ya siku, kwa nyumba yenye watu watano. Nikaenda kazini. Jioni nilishuka kwenye mwendokasi pale Magomeni Mapipa. Kama unaifahamu Magomeni saa moja jioni, unajua jaribu lake. Moshi wa mishikaki unakufuata mpaka kwenye kola ya shati. Huku kuna chipsi zinazochemka kwenye mafuta, kule kuna mama anayekaanga samaki, hatua chache mbele kuna supu ya pweza na ndizi za kuchoma. Nikakutana na rafiki zangu wawili tunaosali pamoja. Tukakaa kwenye viti vya plastiki, tukaagiza. Mishikaki, ndizi, kachumbari, soda baridi. Tulizungumza mambo mazuri kabisa, hata habari za ujenzi wa kanisa. Sehemu yangu ya bili ilikuwa shilingi 8,000. Nikalipa nikamshukuru Mungu.

Nilipofika nyumbani, mke wangu aliniuliza kama nitakula. Nikasema nimeshiba. Naona sasa kwamba jibu lile lilimpa nafuu. Kulikuwa na chakula kidogo kilichobaki sufuriani, na alikuwa amekitunza kwa ajili yangu. Yeye mwenyewe alikuwa amekunywa chai ya rangi, akawaambia watoto hana njaa. Mwanangu alilisikia neno hilo na hakuliamini. Watoto husikia yote.

Elfu tano kwa watu watano. Elfu nane kwa mtu mmoja. Sikuiba, sikulewa, sikuvunja amri yoyote inayosomwa kanisani Jumapili. Lakini nilisimama mbele ya tangi lile nikajua kwamba katika nyumba yangu alikuwepo mmoja aliyefunga mdomo kwa ajili ya watoto, na hakuwa mimi.

Mpendwa, usinielewe vibaya. Sijaandika safu hii ili kukuambia kula nje ni dhambi. Mhubiri anasema wazi kwamba mtu kula, kunywa na kufurahia matunda ya kazi yake ni zawadi ya Mungu (Mhubiri 3:13). Bwana wetu mwenyewe hakukwepa meza za watu. Alikula nyumbani kwa Mathayo mtoza ushuru. Alijialika kwa Zakayo. Alihudhuria harusi ya Kana. Alikula mara nyingi kiasi kwamba wasiompenda walimsema kuwa ni mlafi na mpenda divai (Mathayo 11:19). Mkristo anayekunja uso mbele ya sahani nzuri hajamheshimu Mungu zaidi ya yule anayeipokea kwa shukrani.

Lakini ukizifuata meza za Yesu katika Injili, utaona jambo moja. Mara nyingi alipokula, kulikuwa na watu waliokaribishwa ambao hawakutegemea kukaribishwa. Kule jangwani aliwaambia wanafunzi wawape watu chakula wao wenyewe, na mikate mitano na samaki wawili vikaanzia mikononi mwa mtoto. Shida yangu jioni ile pale Mapipa haikuwa mishikaki. Shida ilikuwa viti. Wake na watoto wetu hawakuwa na kiti, wala hatukuwakumbuka.

Turudi kwenye tangi, maana kuna samaki wa pili nataka umwone.

Huyu anaitwa gapi. Ni mdogo, dume lake lina mkia wa rangi kama kitenge kipya, na ni rahisi kumfuga kuliko wote. Asili yake ni Amerika ya Kusini na visiwa vya jirani. Gapi hatagi. Anazaa watoto walio hai, karibu kila mwezi, wakati mwingine makumi kwa mkupuo mmoja. Ukimtazama unasema huyu amebarikiwa kwa uzazi. Lakini anayefuga kwa mara ya kwanza hushangaa. Jioni anahesabu vitoto ishirini, asubuhi anakuta vitatu. Wengine wamekwenda wapi? Mama yao amewala, na samaki wengine wazima wamemsaidia. Wanaopona ni wale waliojificha kwenye majani mazito. Kwa sababu hiyo mfugaji mwenye akili hupanda majani mengi ndani ya tangi, ili watoto wapate pa kumkimbilia mzazi wao.

Na usidhani gapi hufanya hivyo kwa sababu ya njaa tu. Hata aliyelishwa vizuri anaweza kuwameza. Kwake yeye kila kidogo kinachopita mbele ya mdomo ni chakula. Mungu hamhesabii dhambi, maana ndivyo alivyo. Lakini nabii aliyeomboleza kwa ajili ya Yerusalemu aliona jambo la kutisha: mbwa mwitu wananyonyesha watoto wao, huku watoto wa watu wa Mungu wakiomba mkate na hakuna wa kuwamegea (Maombolezo 4:3-4). Pale Yerusalemu palikuwa na njaa ya vita. Kwetu sisi mara nyingine hakuna vita wala ukame, na bado mtoto anakosa.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika nchi yetu watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa. Yaani miili yao haikukua kama ilivyopaswa, na akili zao nazo huathirika. Utadhani mikoa iliyoongoza ni ile yenye ukame. Sivyo. Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolima chakula kingi, ndiyo ilikuwa na viwango vikubwa zaidi. Wataalamu wanataja sababu nyingi: namna ya kulisha watoto, magonjwa, usafi wa maji, mzigo wa kazi kwa akina mama. Mimi si mtaalamu, ila takwimu hiyo inaniambia jambo moja la kiroho. Chakula kinaweza kuwepo ghalani, sokoni na mfukoni, na bado kisifike kwenye sahani ya mtoto. Katikati pana mtu mzima. Mtu huyo ni wewe na mimi.

Tuko wengi, mpendwa. Kuna baba anayejulikana kwa jina kwenye kila jiko la nyama choma, lakini nyumbani hajui kama mtoto anapenda maharage au anayala kwa sababu hakuna kingine. Kuna mama naye, tusiwaonee akina baba peke yao, anayekula na mashoga zake mjini na kupiga picha ya sahani, huku watoto wakipashiwa kiporo cha juzi. Kuna sisi wa vikao vya kamati za harusi, tunaokula kila wiki vizuri kwa jina la maandalizi. Tunarudi nyumbani tumeshiba, na kushiba kwetu kunatuzuia kuuliza. Mtu mwenye njaa anakumbuka wenye njaa. Aliyeshiba anauliza tu mbona taa bado inawaka.

Sasa tuje kwenye sahani yenyewe. Umewahi kula sato wa kukaanga, yule wa Mwanza, pamoja na ugali na kachumbari? Basi ulimla ndugu wa samaki wangu. Sato na perege ni ukoo mmoja na mbuna, na jike la sato nalo hubeba mayai na watoto wake mdomoni. Tumemla miaka yote, tumenyonya mpaka mifupa ya kichwa, na hatukujua kwamba mdomo ule ulikuwa kitanda cha watoto.

Ukoo huo umefika mbali. Katika Ziwa Galilaya, alikovua Petro, wamo pia ndugu wa sato. Wageni wanaokwenda kuhiji huko hupewa samaki wa kukaanga wanayemwita samaki wa Petro, kwa kukumbuka siku ile Bwana alipomtuma Petro atupe ndoana, akamkuta samaki mwenye sarafu mdomoni, ikatosha kulipia kodi ya hekalu kwa watu wawili (Mathayo 17:24-27). Biblia haikutaja aina ya samaki yule, na mimi sitaitaja kwa niaba yake. Lakini huyo anayeitwa samaki wa Petro ana tabia moja iliyonishika. Kwa sato wetu, jike hubeba mzigo peke yake. Kwa samaki huyu wa Galilaya, dume na jike hugawana mayai. Baba anajaza mdomo wake, mama anajaza wake. Wote wawili wanafunga kula. Wote wawili wanakonda.

Nilipolifahamu hilo, nilikumbuka chai ya rangi aliyokunywa mke wangu. Hakuna aliyemlazimisha afunge mdomo. Upendo ndio uliomfunga. Lakini mzigo ule ulikuwa wa midomo miwili, na mmoja ulikuwa Mapipa unatafuna.

Labda utauliza, je, basi tufunge kula maisha yote? Hapana. Mama mbuna hafungi mdomo milele. Zikitimia wiki zake, anausogeza mdomo karibu na jiwe, anaufungua, na vitoto vinatoka kimoja kimoja, kila kimoja chenye umbo kamili la samaki. Baada ya hapo anarudi kula, na anakula kwa hamu. Siku ile nilipomtupia chakula akakimbilia juu pamoja na wengine, na chini yake vitoto kumi na viwili vinaokota chembe zilizoanguka, nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Kufunga kwake kulikuwa na mwisho, na mwisho wake ulikuwa meza ya wote.

Basi nikuambie tulichofanya nyumbani kwetu, huenda kitakusaidia.

Kwanza tulihesabu. Tuseme mtu anakula nje kwa shilingi 7,000, siku tano za wiki. Hizo ni 35,000 kwa wiki, na kwa wiki nne ni 140,000. Nilipoiandika kwenye karatasi nilidhani nimekosea hesabu. Chukua karatasi leo, andika yako. Usimpe mtu mwingine kazi hiyo, na usiifanye ili kumkomoa mwenzako.

Pili, niliongeza hela ya matumizi kabla ya kitu kingine chochote, na nikaacha kuuliza imekwenda wapi kwa sauti ya askari. Mtume Paulo anamwandikia Timotheo maneno mazito kuhusu mtu asiyetunza watu wa nyumbani mwake, kwamba ameikana imani (1 Timotheo 5:8). Hakusema amekuwa mbahili. Alisema ameikana imani.

Tatu, tulipanga kwamba kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutakula nje, sote. Mara ya kwanza tulitembea kwa miguu, mtoto mdogo akiwa mgongoni kwa mama yake. Tulikaa kwenye viti vilevile vya plastiki. Nikawaambia waagize wanachotaka. Mkubwa wangu aliangalia bei kwanza, kisha akaniangalia mimi, kisha akasema atakula chipsi kavu tu. Mtoto wa miaka kumi na mmoja! Nani alimfundisha kuogopa bei mbele ya baba yake? Nikamwagizia mishikaki. Tukaletewa na sato mmoja mkubwa wa kugawana. Yule wa darasa la pili akakitazama kichwa cha samaki muda mrefu, akauliza, "Huyu naye alikuwa na watoto?" Mama yake akamwambia ale kwanza. Tulicheka. Jioni hiyo niliijua ladha ya mishikaki kwa mara ya kwanza.

Kulikuwa na mtu wa tano pale mezani, na nataka nimtaje kwa sababu huwa hatajwi. Ni dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Umewahi kuona familia imekaa kwenye mgahawa mzuri baada ya ibada, kila mmoja ana sahani yake, na pembeni binti amempakata mtoto wao, mbele yake hakuna kitu? Au ameachwa nyumbani kabisa, alinde nyumba na ale kilichopo? Ayubu alipokuwa akijitetea mbele za Mungu, alitaja jambo hili kati ya makosa ambayo hakuyafanya: hakula tonge lake peke yake huku yatima akitazama (Ayubu 31:17). Binti huyo ni mtoto wa mtu. Mpe kiti na sahani, na umuulize naye anataka nini.

Huenda unasoma haya na huna hela ya kula nje, wala ya kula ndani haitoshi. Pengine wewe ndiye unayekunywa chai ya rangi na kusema huna njaa. Dada yangu, kaka yangu, Mungu ameuona mdomo wako uliofungwa. Sikuambii usherehekee njaa. Nakuambia usiifiche. Waambie wazee wa kanisa, mwambie jirani. Sisi wa Magomeni tunaishi kwenye nyumba za vyumba vinavyotazamana ukumbini. Anayekaanga chumba cha mbele anajulikana mpaka uani. Katika mwezi wa Ramadhani majirani zetu Waislamu hutuletea futari kwenye sahani iliyofunikwa kawa, bila kuuliza tunasali wapi, na Krismasi sahani hiyo hurudi na pilau. Desturi hiyo haikuanza kwa matajiri. Ilianza kwa watu waliojua kwamba harufu ya chakula chako ikimfikia mtoto wa jirani, na yeye ana sehemu humo.

Na kama huna mtoto wala mke wala mume, usiifunge safu hii ukasema hainihusu. Una mama kijijini. Una mdogo wako chuoni anayelala na biskuti na maji. Kabla hujaagiza sahani ya pili, mpigie.

Nimalizie ufukweni, pamoja na Petro. Baada ya kufufuka, Bwana aliwakuta wanafunzi wake wamevua usiku kucha bila kitu. Akawaonyesha pa kutupa wavu. Walipofika nchi kavu walikuta ameshawasha moto wa makaa, juu yake samaki, na mkate. Mwokozi wa ulimwengu aliwapikia kifungua kinywa! Wakala. Na walipomaliza kula, Yohana anasema hivyo waziwazi, ndipo akamgeukia Petro na kumuuliza kama anampenda. Petro akajibu ndiyo. Bwana akamwagiza awalishe wana-kondoo wake (Yohana 21:9-15).

Tazama mpangilio huo, mpendwa. Alimlisha kwanza. Hakumnyima Petro samaki wa kuchoma ili amfanye mtakatifu. Lakini shibe ya Petro ilikuwa na swali nyuma yake, na jibu la swali hilo lilikuwa midomo ya wengine. Mtoto akimwomba baba yake samaki, Yesu alisema, baba hawezi kumpa nyoka (Mathayo 7:10). Wengi wetu hatujawahi kumpa mtoto nyoka. Tumempa sahani tupu, na harufu ya mishikaki kwenye vidole vyetu.

Leo mchana, au jioni utakapokaa mahali unapopenda kukaa, sahani ikiletwa mbele yako, ishukuru. Kisha kabla ya tonge la kwanza jiulize: wa nyumbani wamekula? Kama hujui jibu, simu unayo mfukoni.

Tuombe. Baba wa mbinguni, asante kwa chakula cha nyumbani na cha njiani. Utusamehe kwa kila tonge tulilokula huku tukijua kuna anayelala njaa kwa ajili yetu. Wabariki wote waliofunga midomo ili watoto wapate. Utufundishe sisi wengine kubeba nao mzigo huo, na utukutanishe sote kwenye meza moja, kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.